Kufuta kunahitaji saini yenu: barua ya wazi kwa wanaoidhinisha kazi za programu

Waheshimiwa wakurugenzi, mameneja, wajumbe wa bodi, na yeyote ambaye bila saini yake kazi ya programu haianzi,

Ama baada ya salamu, nawaandikia kuhusu swali mnalotuuliza kila wiki, na kuhusu swali jingine ambalo kwa miaka kumi na sita ya kazi hii sijaulizwa hata mara moja.

La kwanza ni hili: "Yaani kitu kidogo hivyo kinachukua muda wote huo?"

Najua tunavyoonekana tukianza kulijibu. Tunakuna kichwa, tunasema inategemea, tunataja majina ya vitu msivyovijua, nanyi mnabaki mkijiuliza kama tunawazungusha au kazi imetushinda. Leo nitalijibu kwa kisa, kwa sababu nimegundua kwamba maelezo hayajawahi kunisaidia.

Niliwahi kutunza mfumo wa kupokea maombi ya vibali. Mwombaji anajaza fomu, ofisa anaipitia, jibu linatoka. Siku moja uongozi ukaagiza iongezwe hali mpya, "limesitishwa", kwa ombi lililokwisha kujibiwa kisha likawekewa pingamizi. Mkuu wangu akafungua skrini, akanionyesha orodha yenye maneno matatu, akasema ongeza la nne, siku mbili si zinatosha? Nikasema wiki tatu. Alicheka. Ilichukua wiki saba.

Mfumo ulipoanza, ombi lilikuwa na majibu mawili tu. Aliyeutengeneza akaweka safu moja kwenye hifadhidata: 0 limekataliwa, 1 limekubaliwa, na ombi ambalo halijajibiwa safu yake inabaki tupu. Ripoti ya mwezi ilitaka idadi ya maombi yaliyokubaliwa, naye badala ya kuyahesabu akaijumlisha ile safu. Ukijumlisha sifuri na moja unapata idadi ya moja. Huo ni werevu, wala sithubutu kuuita uzembe.

Baada ya miaka miwili ikaja "limekubaliwa kwa masharti". Mtu mwingine akaipa namba 2. Papo hapo ripoti ikaanza kulihesabu kila ombi la masharti mara mbili. Huyu wa pili alikuwa amepewa siku mbili, kwa hiyo hakugusa namna ya kuhesabu. Alitoa tu: jumla ya safu, toa idadi ya zenye 2. Jibu likarudi kuwa sahihi na kila mtu akaenda nyumbani. Kwenye skrini ya mwombaji, kitufe cha kuchapisha kibali kilikuwa kimewekwa kitokee kwa jibu lolote ambalo si 0, hivyo 2 ikapita bila kelele. Tena kila usiku faili lilikuwa likitumwa kwa taasisi nyingine, na huko wakaelewana kwa simu kwamba tarakimu yoyote inayozidi 1 isomwe kama 1. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote.

Sasa mimi ndiye ninayekuja na 3. Ombi lililosimamishwa lingeingia kwenye ripoti kama maombi matatu yaliyokubaliwa. Mwenye ombi angeona kitufe na kujichapishia kibali. Taasisi ya pili ingempokea kama mtu aliyeruhusiwa. Haya yote kwa neno moja kwenye orodha.

Na hayo ni yale niliyoyaona mwenyewe. Nikiwa ndani ya ile ripoti, nikakuta kosa la zamani: haikuwa ikihesabu maombi yaliyojibiwa siku ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa ilikuwa ikikomea saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikalirekebisha, nikijiona nimetenda wema. Wiki iliyofuata mhasibu mmoja akanipigia simu kwa hasira. Kumbe kwa miaka yote alikuwa ameligundua, na kila mwezi aliongeza maombi ya siku ya mwisho kwa mkono kwenye jedwali lake. Sasa siku hiyo ilikuwa inahesabiwa mara mbili. Tabia yoyote ya mfumo, hata ikiwa kosa, ikidumu vya kutosha hupata mtu wa kuitegemea, na mtu huyo hana sababu ya kuja kukwambia.

Tazameni tena mlolongo huo. Hakuna mjinga hata mmoja ndani yake. Kila mmoja alipewa siku chache akapita njia fupi iliyokuwa wazi mbele yake, na kwa kupita hapo akairefusha ya anayefuata. Hali ya tatu ilimalizwa kwa siku mbili. Ya nne, wiki saba. Atakayetaka hali ya tano sitaki niwepo.

Mtaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila ufa wa ukuta unaonwa na kila apitaye. Mfumo unaweza kuoza kwa ndani na skrini ikaendelea kung'aa vilevile, rangi zilezile, vitufe vilevile. Ward Cunningham, mtengenezaji programu wa Marekani, mwaka 1992 alilifananisha jambo hili na deni, na tangu hapo neno "deni la kiufundi" limezoeleka hata vikaoni mwenu. Ni mfano mzuri, lakini unaniudhi kwa jambo moja: benki hukuletea taarifa ya deni kila mwezi. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, haukuletei kitu. Riba yake mnailipa ndani ya yale makadirio yetu yanayowakera, bila kujua kwamba ni riba.

Kwa wapendao hesabu, chukueni mfumo wenye swichi kumi, kila moja ama imewashwa ama imezimwa: mteja huyu ana punguzo au hana, fomu ni ya zamani au mpya, na kadhalika. Swichi kumi zinatoa hali 1,024 ambazo mfumo unaweza kujikuta ndani yake. Ishirini zinatoa 1,048,576. Ukijaribu kila hali kwa sekunde moja, bila kulala, ishirini zitakuchukua siku 12. Swichi thelathini zitakuchukua miaka 34. Mfumo wa kawaida wa ofisi, uliokaa miaka kadhaa, una swichi za namna hiyo kwa mamia. Kwa hiyo tukisema "tumeujaribu", tunamaanisha tumejaribu tulizoweza kuzifikiria.

Jambo hili si geni wala si la taasisi moja. Watafiti Meir Lehman na Laszlo Belady walichunguza namna mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa kampuni ya IBM, uitwao OS/360, ulivyokuwa ukibadilika toleo baada ya toleo, na mwaka 1974 Lehman akaandika kanuni za kwanza za ukuaji wa programu. Moja inasema programu inayotumika haina budi kuendelea kubadilishwa, la sivyo manufaa yake yatapungua. Nyingine inasema kadiri inavyobadilishwa ndivyo utata wake unavyoongezeka, isipokuwa ifanyike kazi ya makusudi ya kuupunguza. Nawaomba mkae kwenye hilo neno "isipokuwa". Zimepita zaidi ya nusu karne, na bado sijaona bajeti yenye mstari wa hiyo kazi ya makusudi.

Hapa ndipo linapoingia swali la pili, lile ambalo hamjawahi kuniuliza: "Tunaondoa nini?"

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, iliwasha programu mpya soko la New York lilipofunguliwa. Ndani ya mfumo wake mlikuwa na kipande cha msimbo kiitwacho Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003. Hakikufutwa. Mwaka 2005 wakahamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu oda na kukiambia kipande hicho kwamba imetosha, acha. Hawakukijaribu tena baada ya hapo, kwani nani anajaribu kitu kisichotumika? Halafu 2012, watengenezaji wa programu mpya wakachukua swichi ileile iliyokuwa ya Power Peg wakaipa maana nyingine. Seva, yaani kompyuta zilizokuwa zikiuendesha mfumo huo, zilikuwa nane. Fundi akaweka msimbo mpya kwenye saba, ya nane ikasahaulika. Swichi ilipowashwa, saba zilifanya kazi mpya, na ya nane ikamwamsha marehemu. Ikawa inatuma oda bila kujua pa kukomea.

Kwa dakika kama 45, oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni 4. Katika kuhangaika kuzima moto, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Hasara ilizidi dola milioni 460, na mwaka uliofuata kampuni ikaungana na nyingine, jina lake likamezwa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulikuta pia kwamba kabla ya soko kufunguliwa asubuhi hiyo, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 za ndani zinazoitaja Power Peg. Hazikuundwa ziwe tahadhari, na hakuna aliyezifuatilia.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha fundi aliyesahau seva moja. Mimi nakisoma kwingine. Kati ya 2003 na 2012, nani aliamua Power Peg ibaki? Hakuna aliyeamua. Kuacha hakuitishiwi kikao, hakuna fomu yake, hakuna saini. Kufuta ndiko kwenye saini. Ukifuta kitu na kesho kitu kingine kikavunjika, jina lako linajulikana na utaitwa. Ukikiacha na baada ya miaka tisa kikaangusha kampuni, wewe hutakuwapo, na hata ungekuwapo, kosa halina mwenyewe. Mtumishi yeyote mwenye akili timamu, akipimwa kwa mizani hiyo, ataacha. Mimi mwenyewe nimeacha, mara nyingi, nikiandika juu ya msimbo "usiguse hapa" na kuendelea na safari yangu.

Woga huu umewahi hata kurushwa angani. Roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza tarehe 4 Juni 1996, ilisambaratika sekunde kama 40 baada ya safari kuanza, pamoja na satelaiti nne ilizobeba. Chanzo kilikuwa kikokotoo, yaani kipande cha programu, cha kuuweka sawa mfumo wa mwelekeo kabla ya kuruka. Baada ya kuruka hakikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5. Kiliendelea kufanya kazi kwa sababu ndivyo kilivyokuwa kwenye Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na mwendo tofauti, namba moja inayohusiana na kasi ya mlalo ikawa kubwa kuliko nafasi yake ya biti 16, inayokomea 32,767, na kompyuta za mwelekeo zikazima. Tume ya uchunguzi iliandika kwamba kikokotoo hicho yamkini kiliachwa kwa fikra kwamba si busara kubadili programu iliyofanya kazi vizuri. Nadhani kila mmoja wetu ameshasema maneno hayo kikaoni, na yakaonekana ya hekima.

Sisi nasi hatujatakasika. Tunapenda zana mpya kuliko inavyostahili. Tunaweza kuombwa mlango tukajenga lango la forodha, eti siku moja huenda pakapita malori. Tunaongeza tabaka juu ya tabaka kwa mahitaji ambayo hayajaja, kisha tunapata ajira kwingine na kuwaachia wenzetu. Kibaya zaidi, tunasema siku mbili tukijua ni wiki mbili, kwa kuiogopa sura mtakayoifanya. Hapo uongo ni wetu, na nauombea radhi.

Mnaponasa kwenye mfumo uliogoma kubadilika, huwa anakuja mtu na pendekezo tamu: tuutupe wote, tuandike upya. Nimewahi kulipenda pendekezo hilo. Lakini kumbukeni kampuni ya Netscape, iliyokuwa mbele kabisa katika vivinjari vya intaneti. Ilitoa toleo la 4 mwaka 1997, kisha ikaamua kuandika upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe. La 6 lilitoka Novemba 2000, na kwa muda huo Microsoft ilikuwa imekwisha kuchukua soko. Ule msimbo wa zamani unaotuchefua ndio wenye kumbukumbu ya mambo yote yaliyowahi kuharibika: ile siku ya mwisho ya mwezi, ile simu ya makubaliano yasiyoandikwa. Ukiutupa unatupa na kumbukumbu, nawe utajifunza kila kimoja upya, mbele ya wateja.

Pia haisaidii sana kutuongezea watu wakati maji yamefika shingoni. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa hiyo OS/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Wapya ni lazima wafundishwe, na wanaofundisha ni walewale waliokuwa wakifanya kazi.

Njia inayofaa ni ya kuchosha na haina picha ya kuonyesha wafadhili. Unachukua sehemu moja ya mfumo wa zamani, unaandika majaribio ya kushika tabia yake ilivyo leo, makosa yakiwemo. Unajenga mbadala wa sehemu hiyo tu, unahamisha watumiaji, kisha unaizima ya zamani. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokufa kila mara. Mbadala ukizinduliwa, picha zinapigwa, bajeti inafungwa, timu inapelekwa kwenye mradi mwingine, na sehemu ya zamani inabaki ikikimbia pembeni kwa ajili ya watumiaji wachache ambao hawajahama. Mlianza na mfumo mmoja mgumu, sasa mna miwili, na daraja kati yake ambalo nalo litahitaji kutunzwa. Mimi nimetunza madaraja ya namna hiyo matatu.

Wengine wenu mnaniambia sasa zana za akili bandia zitamaliza haya, kwa kuwa zinaandika msimbo wa wiki kwa dakika. Ninazitumia, na ni kweli zinaandika. Ila katika zile wiki saba, mistari niliyoiandika haikufika mia moja na hamsini. Muda uliobaki niliutumia kusoma, kuuliza, na kumtafuta mtu aliyestaafu ambaye ndiye peke yake aliyekumbuka ile simu. Kuongeza kukiwa rahisi hivi, na kuelewa kukibaki kugumu vilevile, mrundikano utakuja kwa kasi ambayo hatujaizoea.

Ombi langu basi halihusu fedha nyingi. Mnapoidhinisha kipengele kipya, ulizeni palepale kitakachozimwa, na mtake tarehe. Mradi wa kubadilisha mfumo msiuhesabu umekwisha siku ya uzinduzi. Uhesabuni umekwisha siku ya zamani ilipozimwa, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri siku hiyo. Mikataba inayolipa kwa kila kipengele kilichoongezwa mnaiandika wenyewe, halafu mnashangaa kwa nini vinaongezeka tu. Na katika tathmini ya mwisho wa mwaka, aliyeondoa mistari elfu kumi bila mtu kugundua awe na mahali pa kuandikwa. Kwa fomu zilizopo leo, mtu huyo anaonekana hakufanya kitu.

Zaidi ya yote, chukueni lawama. Sisi tutachunguza kama kitu kinatumika. Tutakizima kwanza kwa majaribio, tutatangaza, tutangoja mwezi mzima, tutaweka nakala ya kurudishia. Hata hivyo safari moja moja tutakosea, na asubuhi yake kutakuwa na mhasibu kwenye simu. Siku hiyo tunataka chini ya uamuzi huo kuwe na jina la mwenye cheo, si la kijana aliyebonyeza kitufe saa nne usiku.

Kwenye mfumo ninaoutunza sasa nimepitia ripoti zote. Zipo 43. Katika miezi kumi na minane iliyopita, 26 hazijafunguliwa na mtu yeyote, lakini kila usiku zinaandaliwa, na kila badiliko tunalofanya ni lazima tuhakikishe hazivunjiki. Orodha yake nimeituma mara mbili. Ni ukurasa mmoja, na chini yake nimeacha nafasi ya saini.

Wenu katika kazi,

Mtunza mfumo